Maji ya Silinda ya Tatu

Musembi alilisikia gari kabla hajaitwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, naye ameketi barazani kwake mtaani Shella, Malindi, chai mkononi, pale injini ya jirani yake ilipowashwa upande wa pili wa ukuta. Siku zote injini ile ilinguruma kidogo, kisha ikatulia. Leo ilitetema, ikakohoa, ikatetema tena, mdundo wake ukichechemea kama mtu aliyechomwa na mwiba. Musembi aliweka kikombe chini. Kazi yake ni kutunza jenereta na pampu katika hoteli moja ya ufukweni, na miaka ya kazi hiyo ilimfundisha kuutambua ugonjwa wa injini kwa sikio tu. Huu aliujua papo hapo. Silinda moja haikuwa ikiwaka. Injini inamisi, kama wasemavyo mafundi.

Ugonjwa wenyewe haukumtisha. Kilichomkausha mate ni kwamba gari lile lilikuwa mikononi mwake juzi tu.

Sasa, tusimwonee Musembi, maana si mtu mbaya. Ni Mkamba wa Kitui aliyeteremka pwani akiwa kijana, akaja na mkewe Damaris, wakapanga nyumba ukuta kwa ukuta na mzee Mbaruk, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye watu wake walitoka Faza. Hawajahama mpaka leo. Kasoro yake ni kiherehere. Mlango wa jirani ukilia usiku, asubuhi yeye yuko hapo na kikopo cha mafuta. Na sifa anazipenda, hilo nalo tuliseme. Ukimwambia "ahsante, fundi," mabega yake hupanda yenyewe.

Kiherehere hicho kilipata chakula chake kutoka kwenye desturi ya mtaa. Mwaka wao wa kwanza pale Shella, Bi Hindu, mke wa Mbaruk, aliwapelekea sahani ya mahamri. Damaris akayala, akaiosha sahani ikang'aa, akairudisha tupu. Bi Hindu alitabasamu, hakusema neno. Ni mama mmoja wa nyumba ya nyuma aliyemweka Damaris kando baadaye, akamweleza kwamba hapa sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utatia. Damaris alicheka tu, lakini Musembi aliona haya mpaka masikioni. Alimnunia mkewe wiki nzima, eti amewaaibisha. Tangu hapo akawa amepitiliza. Akiazima nyundo, huirudisha na mpini mpya. Akiazima ngazi, huirudisha imepigwa rangi. Mtaa mzima ulijua kwamba kitu kikienda kwa Musembi hurudi kizuri kuliko kilivyokwenda.

Alhamisi aliazima gari la Mbaruk, Probox jeupe, kumpelekea dada yake Mumbua vitanda na masufuria huko Junju alikohamia. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara za ndani zilikuwa tope tupu. Aliporudi Malindi jioni, gari lilikuwa halijulikani rangi yake. Basi akapitia hotelini, akatoa ile mashine ya kuoshea kwa maji ya kasi, akalipiga gari kuanzia paa mpaka magurudumu. Angeishia hapo, yote haya yasingekuwepo. Lakini aliwazia Mbaruk akifungua boneti na kusema "Mashallah," na wazo hilo lilikuwa tamu mno. Akaifungua boneti. Injini ilikuwa bado moto, imevaa vumbi na mafuta ya miaka. Akaielekeza mashine huko huko.

Yeye. Mtu ambaye huwafokea wafanyakazi wenzake wakithubutu kusogeza mpira wa maji karibu na jenereta. Alijua kwamba juu ya injini kila plagi imekaa ndani ya shimo lake, na juu ya kila plagi imechomekwa koili inayoipa moto, na kwamba maji yakisukumwa kwa kasi hupenya pale yakatuama chini. Alijua yote hayo na mkono ukaendelea. Baadaye alipangusa kwa kitambaa, akawasha, injini ikaitika vizuri. Akamrudishia mwenyewe. Na kweli Mbaruk alifungua boneti, akasema "Mashallah, Musembi, waitia aibu hata siku ilipotoka dukani." Musembi alilala usingizi mtamu.

Ijumaa binti yake Mbaruk alikwenda nalo kazini Magarini. Jumamosi ndiyo hii.

"Jirani!" Mbaruk aliita juu ya ukuta. "Musembi! Hebu njoo utusikilizie gari, lina maradhi."

"Naja, mzee," akajibu, akainuka.

Uani kwa Mbaruk, gari lilikuwa limeegeshwa chini ya kamba ya nguo, boneti wazi, na mzee amesimama kando yake, amejifunga msuli wake wa nyumbani. Hadiya, binti yake, alikuwa mlangoni pa jiko, amejitanda leso.

"Shikamoo, Ami," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Ami, yaani ndugu wa baba. Ndivyo alivyomwita tangu akiwa mtoto wa kupanda ukutani kuomba ukwaju, na katika nyumba ile Musembi hakuwa na jina jingine kinywani mwa watoto. Sasa Hadiya alikuwa mtu mzima, mpimaji wa damu katika maabara ya zahanati huko Magarini, kazi yake ya kwanza. Gari alipewa kwa ajili ya kazi hiyo, na hakupewa kwa urahisi. Mdogo wake Mbaruk aliwahi kusombwa na maji ndani ya gari katika bonde fulani la barabara ya Magarini, akafa, na kwa miezi mzee alikataa katakata binti yake ashike usukani kwenda huko. Aliyemsemea ni Musembi. Ni yeye pia aliyemfundisha kutazama oili na maji ya rejeta kila asubuhi. Mwishowe Mbaruk akakubali kwa sharti moja: bonde likiwa na maji, hata ya kufika kifundoni, Hadiya asilipite. Azunguke njia ya juu, au asiende kazini. Hadiya akaahidi, na mkono wa baba yake akaubusu.

"Lilianza jana nikirudi," Hadiya alieleza. "Lilitetema nilipokaribia daraja la mto Sabaki. Nikipandisha kilima halina nguvu."

"Maji bondeni yalikuwepo?" Mbaruk akauliza, macho hayatoki kwenye injini.

"Yalikuwepo, Baba. Nikazunguka juu."

"Hm," akasema mzee.

Musembi akajitia hamnazo, akaanza kazi. Aliliacha gari likinguruma, kisha akawa anachomoa soketi za koili moja baada ya nyingine, huku akitega sikio. Alipochomoa ya kwanza, injini iliyumba karibu izime. Akairudisha. Ya pili vilevile. Hiyo ndiyo alama ya uzima: ukiinyima silinda nzima moto wake, injini yote italalamika. Akachomoa ya tatu.

Injini haikubadilika hata kidogo. Ilichechemea vile vile.

"Ni hii," akasema. Hakuhitaji kuijaribu ya nne, lakini aliijaribu, kwa kuvuta wakati.

Akazima, akaweka ufunguo dirishani pa jiko. Akafungua boliti kwa spana, akaivuta koili ya tatu taratibu, na moyoni anaomba iwe kavu. Iwe imezeeka tu, iwe imepasuka, iwe chochote. Ilitoka na sauti ya mnyonyo. Mpira wake wa chini ulikuwa ukidondosha maji. Mbaruk alisogea, akawasha tochi ya simu yake, akamulika shimoni. Chini kabisa, plagi ilikuwa imezama, na maji yakaurudisha mwanga wa tochi usoni kwao.

"Maji," mzee akasema.

Akamgeukia fundi.

"Musembi, wewe wajua mambo haya. Maji yafikaje huku ndani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Sentensi moja tu: niliiosha mimi. Mbaruk angecheka, angemwita mshamba wa Kitui, wangemaliza. Lakini kuiosha injini kwa mashine, na injini yenyewe moto, ni kosa la mtu asiyejua, naye alikuwa fundi wa mtaa mzima. Ulimi ukamwia mzito. Akasikia kinywa chake kikisema jambo la kweli ambalo lilikuwa baya kuliko uongo.

"Maji yakirushwa kwa nguvu huingia, mzee."

Mbaruk aligeuka kwa binti yake.

"Umepita bondeni."

"Sikupita, Baba. Wallahi nilizunguka."

"Usimtaje Mungu katika hili. Maji haya hapa. Ami yako ameyafichua mbele ya macho yangu. Nani mwongo, wewe au maji?"

"Baba, mimi..."

"Nalikuwa na sharti moja, Hadiya. Moja. Sikukwambia usiende harusini, sikukwambia usisome. Nalikwambia usinizikie mtu wa pili mahali pale. Ukanibusu mkono, kisha ukaenda ukapita, na sasa waniapia."

Sauti ya mzee ilitetemeka, na kilichoitetemesha zaidi kilikuwa hofu. Hilo Musembi aliliona wazi. Hadiya alimtazama baba yake. Kisha akaitazama injini, akaikawiza macho pale. Kisha akamtazama Musembi, ambaye alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, na midomo ya msichana ikafunguka kidogo kama anayetaka kusema. Musembi aliinamisha kichwa, akaanza kukunja kitambaa chake.

Hadiya akanyamaza. Aliuchukua ufunguo wa gari uliokuwa dirishani pa jiko, akauweka juu ya ukingo wa baraza karibu na baba yake, akaingia ndani.

"Umeona?" Mbaruk akasema. "Angekuwa na haki angenyamaza?"

Musembi akajiambia atasema akimaliza kukausha shimo. Alifunga kitambaa kwenye bisibisi, akayanyonya maji yote, maana ukifungua plagi kabla ya kukausha, maji yanateremkia ndani ya silinda na hapo balaa huwa kubwa. Aliifungua plagi. Ilikuwa imelowa petroli, nyeusi, haijaungua, wakati zile nyingine alizozifungua zilikuwa kavu, zenye rangi ya biskuti. Akajiambia atasema baada ya kuijaribu koili. Akaihamishia koili ile kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu, akawasha. Safari hii ya tatu ilifanya kazi, na silinda ya kwanza, isiyo na kosa lolote, ndiyo iliyokufa.

"Imehama," Mbaruk akasema kwa mshangao.

"Imehama, mzee. Kwa hiyo koili yenyewe ndiyo imekufa. Maji yameiua."

"Na silinda yenyewe haina neno?"

"Haina neno. Ilikuwa inabeba lawama tu."

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayapima. Hata hapo hakusema. Alipanda bodaboda hadi mjini, akatafuta koili, akanunua kwa pesa zake, akarudi akaifunga. Injini ikatulia, laini, hata kijiko ungekisimamisha juu yake. Mbaruk alitoa pochi, Musembi akakataa kabisa.

"Hapana, mzee. Tafadhali. Usinipe kitu."

"Lakini wewe wahusikaje na koili yangu?"

"Basi tu."

Mbaruk alimshika bega. "Majirani kama wewe hawapo tena, Musembi. Mtu aharibikiwa na mwanawe mwenyewe, jirani ndiye amfaaye."

Musembi aliondoka upesi.

Alasiri Bi Hindu alileta sahani kubwa ya pilau na kachumbari, ya kumshukuru. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia Damaris mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba ndani hamna maelewano, Hadiya hajala, na mzee amesema ufunguo hataupata tena. Jumatatu atapanda bodaboda kama wengine, na kama bodaboda zitamshinda basi aiache kazi, atakaa dukani auze vitambaa.

"Pilau tamu," Damaris alisema mezani. "Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, Baba Japheth? Tangu asubuhi una chai tu tumboni."

Alijitahidi kula. Baada ya tonge mbili akanawa mikono. Jumapili kanisani aliimba bila kusikia alichoimba, na mhubiri aliposema habari za toba, jambo ambalo wahubiri husema kila Jumapili, Musembi alihisi kama mtu amekwenda kumsimulia mhubiri habari zake. Dhamiri ilimsuta akila, ilimsuta akilala. Mara mbili alifika mlangoni kwa Mbaruk. Mara ya kwanza akasikia wageni ndani, akafurahi kupata sababu ya kurudi. Mara ya pili hapakuwa na wageni, akarudi vile vile.

"Sahani ya Bi Hindu nimeiosha," Damaris akamwambia jioni. "Niweke nini ndani? Nina muthokoi wa mahindi, au nikaange samaki?"

"Weka chochote."

Damaris alimkazia macho. Mume wake huyu ndiye aliyekuwa akikagua sahani kabla haijatoka nyumbani. Akaiacha sahani kabatini.

Jumatatu asubuhi Musembi alitoka kwenda kazini, akamkuta Hadiya kwenye kona ya barabara, amevaa buibui, begi begani, anangoja bodaboda aliyoagiza. Barabara ilikuwa na madimbwi. Angeweza kupita upande wa pili. Tumsifu kwa hilo kidogo, hakupita.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Akasimama. "Hadiya, lile jambo la gari..."

Msichana alingoja. Maneno ya Musembi yakaishia hapo, kama kawaida yake siku hizo mbili. Hadiya akamsaidia.

"Ijumaa asubuhi nilifungua boneti kutazama oili, kama ulivyonifundisha," akasema. "Nikaiona injini inang'aa. Hata vumbi la pembeni halikuwepo. Nikasema moyoni, Ami amejisumbua sana."

Musembi alihisi uso unamwaka.

"Kwa hiyo ulijua."

"Koili ilipotoka na maji nikajua."

"Mbona basi hukumwambia baba yako? Ungesema tu."

"Nilitaka kusema. Halafu nikakuona umesimama pale." Alizungumza polepole, bila hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Wewe ni mtu mzima, umekuja kwetu kutusaidia, na mikono yako imo ndani ya gari letu. Ningekutajaje mbele ya baba, uani kwetu? Nikasema, ngoja, Ami atasema mwenyewe. Nikangoja. Nilipoingia ndani nikasimama nyuma ya dirisha, nasikiliza. Jana pia nilikuwa nangoja. Nilikuona kupitia pazia ukifika mlangoni."

"Mara mbili," Musembi akasema.

"Mara mbili."

Bodaboda ikafika. Hadiya alikusanya buibui lake, akapanda upande, akamuaga vizuri kama alivyofunzwa, akaondoka. Tope la gurudumu lilimrukia Musembi kwenye suruali ya kazi, naye hakulipangusa.

Hakwenda hotelini. Alirudi nyumbani, akapiga simu kwamba atachelewa, akaingia jikoni akaitoa sahani kabatini. Damaris alikuwa akipepeta mchele.

"Unaipeleka wapi tupu?" akauliza.

"Kwao."

"Baba Japheth, tupu? Wewe? Uliyeninunia wiki nzima?"

"Nitakueleza nikirudi," akasema, na akatoka kabla moyo haujamgeuka.

Kusema kweli hakuwa na mpango wowote na ile sahani. Alihitaji tu kitu cha kushika, na sababu ya kubisha hodi. Lakini Mbaruk alipofungua mlango, jambo la kwanza aliloliona ni sahani yake ikirudi tupu mkononi mwa Musembi, na uso wa mzee ukabadilika.

"Kuna msiba?" akauliza. "Damaris mzima?"

"Mzima, mzee. Msiba ni mimi."

Akamwaga mtama pale pale mlangoni, hajakaribishwa hata kukaa. Alisema juu ya tope la Junju, mashine ya hoteli, injini moto. Alisema alijua tangu aliposikia gari likitetema ng'ambo ya ukuta, kabla ya kuitwa. Alisema Hadiya hakupita bondeni. Alisema Hadiya alijua yote na alinyamaza kumsitiri yeye.

Mbaruk hakukasirika kama Musembi alivyotarajia. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliipokea sahani, akaigeuzageuza mikononi.

"Aliapa," akasema mwishowe. "Nami nikamwambia asimtaje Mungu."

"Kosa ni langu, mzee."

"Lako ni lako. Hilo tutaliongea, na nitakusema, usidhani nitakuacha. Lakini aliyemwita mwanangu mwongo si wewe." Akakaa kwenye ngazi ya baraza, mzito. "Wewe maji umeyatoa kwa kitambaa. Neno langu mimi nitalitoa kwa kitambaa gani?"

Ndani, Bi Hindu alisikika akilia kwa sauti ndogo, na kilio hicho kilikuwa na shukrani ndani yake. Mzee aliinuka, akaingia, akatoka amevaa kanzu na kofia, ufunguo mkononi.

"Twende," akasema. "Wewe ulikuwepo nilipolisema. Uwepo nikilifuta."

Waliliendesha lile Probox hadi ng'ambo ya Sabaki, Mbaruk kwenye usukani, Musembi kando yake. Injini iliimba safi njia nzima, silinda zote nne, na Musembi aliisikiliza kwa uchungu, kwani kila kitu kilichokuwa chini ya boneti kilikuwa kimepona. Walipofika bondeni Mbaruk alisimamisha gari. Maji yalikuwepo, ya kahawia, yanapita polepole juu ya barabara. Mzee aliyatazama kwa muda, midomo yake ikisoma kitu. Kisha akakata kona kuingia njia ya juu.

Ile njia ya juu ilikuwa mawe na mashimo, imebanwa na miiba pande zote mbili, na gari lilitambaa kama linalotafuta kitu kilichopotea. Matawi yalikwaruza milango. Mbaruk, ambaye hajawahi kuipita njia ile maishani mwake, alishika usukani kwa mikono miwili na jasho likamtoka chini ya kofia.

"Kila siku ya mvua apita hapa?" akauliza.

"Kila siku ya mvua."

"Kwenda na kurudi."

"Kwenda na kurudi, mzee."

Mwishowe waliiona zahanati.

Hadiya aliitwa, akatoka na koti jeupe juu ya buibui. Benchi la nje lilikuwa na akina mama na watoto wanaongoja majibu yao. Alipoliona gari, alisita mlangoni. Mbaruk alimwendea, na hakumvuta kando. Alisema mbele ya benchi lote, kwa sauti yake ya dukani, kwamba yeye Mbaruk alimdhulumu mwanawe, alimwita mwongo naye ni mkweli, na anamwomba radhi, yeye mzazi kwa mtoto. Mama mmoja aliacha kunyonyesha akasikiliza. Mzee alinyoosha ufunguo.

Hadiya aliupokea kwa mikono miwili, akainama, akaubusu mkono wa baba yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta. "Yamekwisha, Baba," akasema. "Mimi sina kinyongo nawe. Uliogopa."

Musembi alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma. Maneno aliyatayarisha njia nzima. Akasogea.

"Hadiya, mwanangu, mimi pia nimekuja nikuombe..."

"Nimesikia," akasema Hadiya kwa upole. "Nimekusamehe, tena toka moyoni. Ahsante kwa kuja, Bwana Musembi."

Akatabasamu, tabasamu lile lile la mama yake siku ile sahani iliporudi tupu, akageuka kuwarudia wagonjwa wake.

Wanaume wawili waliliacha gari pale na ufunguo wake, wakarudi Malindi kwa bodaboda moja, Mbaruk katikati, kanzu ameikunja magotini, Musembi amening'inia nyuma. Mzee alikuwa amelisikia lile "Bwana Musembi", kwa sababu mahali fulani baada ya daraja alisema bila kugeuka, "Mpe muda." Musembi akaitikia naam, ingawa upepo uliichukua sauti yake.

Nyumbani Damaris alikuwa akingoja na maswali yake. Musembi alimweleza yote tangu mwanzo, bila kuficha hata mashine.

"Na ufunguo ameupata?" Damaris akauliza.

"Ameupata."

"Na wewe, amekusamehe?"

"Amenisamehe." Alivua viatu, akaviweka pamoja chini ya kiti, taratibu. "Ameniita Bwana Musembi."

Damaris aliacha kupakua. Akakaa kando yake.